Uliza kibao kilifungwa lini

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: ukipigwa faini ya kuegesha gari ilhali uko mbali na nyumbani, ulipe yaishe au upinge? Jibu langu ni upinge, tena mapema, ila usiitegemee hoja ya kwamba ulikuwa safarini. Nazungumzia England ninakoishi, na hasa sisi tunaoacha gari mtaani kwa kibali cha mkazi tukaenda nyumbani likizo au msibani.

Mimi nilikuwa Tanga kumzika mjomba. Gari nililiacha London karibu na mlango wangu, mahali pa halali, na kibali kilikuwa hai. Nikiwa huko, halmashauri ikasimamisha maegesho ya upande ule ili mafundi wafukue bomba. Jirani akanitumia picha kwa WhatsApp: bahasha ya plastiki yenye tiketi ya faini imebandikwa kwenye kioo cha mbele, na juu yake kibao cha njano cha kusimamisha maegesho kimefungwa nguzoni. Nikamwomba arudi akipige picha kibao peke yake, kwa karibu, maandishi yote yasomeke. Alirudi na mvua yake, Mungu ambariki. Chini pembeni, kwa kalamu, aliyekifunga alikuwa ameandika tarehe aliyokifunga, na tarehe hiyo ilikuwa baada ya ndege yangu kuondoka.

Wengi wetu tukifika hapo tunaandika barua ya kuomba huruma: nilikuwa nazika, nilikuwa nauguza, naomba mnielewe. Halmashauri inatakiwa kuzifikiria sababu nzito kama hizo, lakini safari au msiba peke yake hauifuti faini. Hata kesi ikifika kwenye rufaa na mwamuzi akaguswa, kwa sababu za huruma anaweza tu kuipendekezea halmashauri ifute, hawezi kuilazimisha. Hoja yenye nguvu ni kwamba kosa halikutendeka, kwa kuwa siku gari lilipoegeshwa hapakuwa na alama yoyote ya kukataza. Sheria inaitaka halmashauri iweke alama za kutosha kumjulisha dereva. Kwa hiyo dai wakuonyeshe kumbukumbu ya siku kibao kilipofungwa, na wewe uambatishe tiketi ya ndege. Jiandae pia kuambiwa kwamba mwenye gari anapaswa kulikagua au kumwachia mtu ufunguo. Usikate tamaa kwa jibu hilo. Eleza kwamba uliliacha mahali pa halali, na kwamba tangazo lilikuja ukiwa umeshaondoka.

Kinachowavunja watu moyo ni ile nafuu ya kulipa nusu ndani ya siku 14. Mtu anapiga hesabu, anaona bora alipe nusu alale. Lakini ukipinga ndani ya siku hizo 14 na wakakukataa, kwa kawaida halmashauri hukupa tena nafasi ya kulipa nusu. Usipolipa, mwenye gari huletewa notisi rasmi kwa anwani iliyoko DVLA, wakala wa serikali wa usajili wa magari, na hapo una siku 28 za kuwasilisha pingamizi rasmi. Halmashauri nayo ina siku 56 za kujibu; ikizipitisha bila kujibu, faini imekufa. Wakikataa, una siku nyingine 28 za kukata rufaa, bila ada: London Tribunals kwa faini za London, na Traffic Penalty Tribunal kwa kwingineko England na Wales. Kufikia hapo nafuu ya nusu huwa imekwisha, hilo ulijue kabla. Mimi sikufika huko. Barua yangu ya kwanza ilijibiwa kwa maneno ambayo naamini wanamwandikia kila mtu. Pingamizi rasmi, lenye picha ya kibao na tiketi ya ndege, likafuta faini.

Anayekaa miezi huko nchi ya kwao ana hatari zaidi. Barua zinarundikana nyuma ya mlango, deni linaongezeka kwa nusu yake, kisha linasajiliwa kwenye kituo cha mahakama cha Northampton, na baada ya hapo ni madalali wa mahakama. Hata hapo ipo njia: fomu TE9 kwa mtu ambaye notisi haikumfikia, na TE7 ikiwa muda umepita, humo ndimo unapoeleza kwamba ulikuwa nje ya nchi. Andika kweli tupu, kwa sababu kudanganya kwenye fomu hizo ni kosa mbele ya mahakama.

Karatasi ya kampuni binafsi, ile ya uwanja wa supamaketi, ni jambo jingine. Hilo ni dai la mkataba na lina njia zake za rufaa, kama chombo kiitwacho POPLA. Soma kwanza nani amekuandikia.

Linaloniuma ni wazee wetu, ambao hulipa siku hiyo hiyo wakiogopa kwamba faini itawaharibia makaratasi yao. Tiketi ya maegesho ya halmashauri ni deni la kiraia. Si kosa la jinai na haiingii kwenye rekodi ya polisi. Mwenye mzazi wa namna hiyo akae naye, aingize namba ya tiketi na namba ya gari kwenye tovuti ya halmashauri. Picha alizopiga ofisa kwa kawaida huonekana hapo, na waanze kwa kutazama kama kibao kimo.