Kuvua walleye mwezi wa 11 pale Red Wing: soma maji kwanza, chambo baadaye

Wadau mlioko Minnesota na Wisconsin, hasa nyinyi mliofika juzi juzi na mmeanza kuulizia mambo ya kuvua mtoni wakati baridi inaingia, hii nawaandikia nyinyi. Naongelea Mississippi, kile kipande kinachoitwa Pool 4, kinaanzia chini ya Lock and Dam 3 (bwawa lenye mlango wa kupitishia meli) jirani na Red Wing, kinashuka kinapita Lake Pepin mpaka kwenye Lock and Dam 4 pale Alma upande wa Wisconsin. Hapo walleye na sauger, samaki wawili wanaofanana sana, wanavuliwa mwaka mzima, na maziwa yakishaanza kuganda maji ya chini ya bwawa bado yanatembea, kwa hiyo mwezi wa 11 ndo wakati ambao wenye boti wengi wameshazifunika na wewe unapata mto wenye nafasi na samaki wenye njaa.

Mgeni akija swali lake la kwanza ni chambo gani, rangi gani, jigi (ndoano yenye kichwa cha chuma kizito) ya uzito gani. Hayo ntayasema, ila kiukweli kwenye mto swali la kwanza ni moja tu, maji yamefanya nini siku mbili tatu zilizopita? Yamepanda, yameshuka au yametulia? Ukishajua hilo umeshajua nusu ya mahali samaki alipo, na usipolijua unaweza kuwa na vifaa vya bei mbaya ukakaa pale pale ulipopata samaki wiki iliyopita na usiguswe hata mara moja, kumbe samaki wameshahama na wako mita thelathini tu kutoka ulipo.

Kuangalia ni bure. Idara ya hali ya hewa ya Marekani inaweka grafu za mto za vipimo vya Prescott na Red Wing, unafungua kwenye simu. We usihangaike sana na namba yenyewe, angalia mstari umelala vipi. Mstari uliolala sawa siku tatu nne, beba fimbo uende. Mstari unaopanda taratibu, nenda pia ila badilisha mahali. Mstari unaoshuka kwa kasi, hapo mi mwenyewe nafikiria mara mbili.

Watu wengi wanadhani yale mabwawa yanahifadhi maji kama Mtera au Masinga, kwamba kuna mtu kakaa anaamua leo tuachie kiasi gani. Sivyo. Mabwawa ya sehemu hii ya Mississippi yalijengwa ili meli za mizigo zipate kina cha futi 9, na mageti yanafunguliwa kadiri maji yanavyokuja, yakija mengi sana wanayanyanyua kabisa mto upite wenyewe. Kwa hiyo kinachopandisha maji Red Wing ni mvua iliyonyesha mbali huko juu, siku kadhaa kabla. Mto Minnesota unaleta maji ya mashambani yenye tope, mto St. Croix unaingia pale Prescott na maji yake masafi zaidi, meusi meusi kama chai ya rangi. Mvua kubwa ikipiga kusini magharibi ya jimbo, tope litafika kwako baadaye hata kama juu yako jua linawaka na hujaona tone. Ndo maana nasema angalia mto, mvua ya mtaani kwako haikwambii kitu.

Sasa kwa nini samaki anahama. Mwezi wa 11 maji yameshashuka chini ya nyuzi 50 za Fahrenheit na yanaelekea 40 na chini ya hapo, mwili wa walleye unakwenda pole pole, hataki kupigana na mkondo siku nzima. Anataka akae pametulia, lakini chakula kipite jirani na pua yake. Mahali pa hivyo ni kwenye mpaka wa maji yanayokimbia na maji yaliyopoa, na mpaka huo ukiutazama vizuri unauona kwa macho, kuna mstari juu ya maji, upande mmoja uso umekunjamana na upande wa pili ni laini, na majani makavu na mapovu yanapanga foleni kwenye huo mstari. Maji yakipanda mkondo wa katikati unakuwa mkali na ule mstari unasogea kuelekea ukingoni, samaki anaufuata, mpaka unamkuta kwenye futi 4 au 6 kwenye majani yaliyozama na mawe ya kingo. Maji yakishuka anaogopa kubaki kwenye kina kifupi, anatoka nje, anarudi kwenye ncha za matuta, kwenye miteremko, kwenye mashimo ya futi 15, 20 na zaidi. Siku ile ya kwanza maji yanapoanza kuporomoka ndo mbaya kuliko zote, samaki wako safarini, hawajatulia kokote. Wape siku mbili maji yatulie.

Na hapa nataka wasio na boti wanisikilize, maana wengi wenu mko hivyo na mnakata tamaa bure. Maji yakiwa yanapanda taratibu mnalingana kabisa na mwenye boti la dola elfu sitini, kwa sababu samaki wanawafuata nyinyi ukingoni. Tafuta kona ambayo mkondo unapita halafu nyuma yake maji yanazunguka kurudi juu, simama hapo, tupa jigi kwenye mpaka wa hayo maji mawili na uirudishe pole pole ikigusa chini. Usitupe katikati ya mto kwa nguvu zako zote, kila mgeni anafanya hivyo, samaki yuko miguuni kwako anashangaa ndoano inapita juu yake.

Wenye boti, jifunzeni yale matuta ya mawe, kwenye ramani za mto yameandikwa wing dam. Yalijengwa na wahandisi wa serikali tangu karne ya 19 ili kusukuma maji yaende katikati, na sasa mengi yamezama, huyaoni, unachoona ni mstari wa maji yanayochemka kidogo upande wa chini ya tuta lenyewe, yaani kule mto unakoelekea. Wengi wanatega upande wa chini wakidhani samaki kajificha nyuma ya mawe, wakati walleye anayetaka kula mara nyingi yuko upande wa juu, mbele ya mawe, maana maji yakigonga ukuta yanapoteza nguvu pale chini na anapata kakibaraza ka kukaa huku visamaki vinaletwa kwake. Maji yakiwa machache usilipite tuta kwa injini, mawe yatakula propela. Na yakishapoa sana, chini ya 40, mi naachana na matuta mengi naenda kwenye mashimo yenye mkondo wa polepole, hasa lile eneo la chini ya bwawa, kwa sababu walleye na sauger wanapanda juu kuelekea huko kukaa msimu wa baridi. Kaeni nje ya maboya na mabango ya bwawa lakini, hapo hakuna mjadala, maji ya pale yanavuta boti kurudi ukutani.

Chambo ni rahisi. Jigi yenye kisamaki hai, basi, au jigi na kisamaki cha mpira kama maji yana joto kidogo. Uzito unategemea mkondo na wala sio ukubwa wa samaki. Aunsi 1/4 maji yakiwa machache, 3/8 au 1/2 yakijaa. Kipimo chake ni hiki, ukiwa unavua wima chini ya boti mshipi usimame wima, na kila ukishusha uhisi ile nukta, tik, chubwi imegusa chini. Mshipi ukilala kwenda nyuma ujue boti linakwenda tofauti na maji, kabla ya kuongeza uzito tumia kale kainjini kadogo ka umeme ulisawazishe boti liende mwendo mmoja na mkondo. Halafu nyanyua inchi mbili tatu, acha itulie. Itulie kweli. Kwenye maji ya baridi hamna haja ya kurusha rusha. Kuguswa kwenyewe hakuji kwa kishindo, ni uzito tu, unanyanyua unakuta kuna kitu kimeng'ang'ania kama vile umeokota jani lililolowa, au unashusha na ile tik haiji. Vuta. Mara nyingi litakuwa ni jani kweli, mwezi wa 11 mto umejaa majani, hasa maji yakipanda yanaokota yote ya ukingoni, lakini usisubiri uhakika maana walleye wa baridi akishajua kuna chuma anatema.

Rangi? Maji ya tope tumia zinazowaka, chungwa au ile njano ya kijani. Maji masafi nyeupe, rangi za visamaki. Hapo sioni haja ya kubishana zaidi. Na kama tope limezidi mpaka huoni jigi ikiwa inchi tano ndani ya maji, hama kabisa, shuka chini ya Lake Pepin. Mto ukiingia pale ziwani unapungua kasi na tope linatua, kwa hiyo maji yanayotokea upande wa Reads Landing na Wabasha mara nyingi ni masafi kuliko ya Red Wing siku hiyo hiyo. Watu wanaendesha gari kurudi nyumbani wakati suluhisho liko dakika arobaini tu barabarani.

Baridi sasa, na hili naomba mlisome mara mbili. Maji ya nyuzi 40 hayakupi muda. Waokoaji wa huku wana hesabu yao ya 1-10-1, dakika moja ya kuhema ovyo kabla hujaimudu pumzi yako, dakika kama kumi ambazo mikono bado inakutii, saa moja hivi kabla ya kuzimia. Hata kama umekulia Mafia au Ukerewe na unaogelea tangu mdogo, dakika kumi ni dakika kumi. Laifu jaketi ivaliwe, sio ikaliwe. Simu kwenye mfuko wa plastiki, nguo kavu kwenye gari, mtu nyumbani ajue umeshusha boti wapi na unarudi saa ngapi. Mwisho wa mwezi jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, na kule nyumbani tumezoea saa kumi na mbili na nusu, giza linakukuta ukiwa katikati. Meli za mizigo bado zinapita mpaka karibu na mwisho wa mwezi, zinasukuma matishari mpaka 15 kwa pamoja, hazina breki, toka njiani mapema. Na pale Colvill Park mnapovuta boti kutoka majini, maji yanayodondoka yanaganda kwenye zege, beba chumvi au mchanga kidogo, na hata yule anayekuja nyuma yako atakushukuru.

Sheria fupi fupi. Kuanzia miaka 16 leseni ni lazima, mkazi wa Minnesota au Wisconsin anaweza kuvua maji haya ya mpakani kwa leseni ya jimbo lake. Walleye chini ya inchi 15 anarudi majini. Idadi ya kwa siku isomeni kwenye kitabu cha mwaka huo huo, msiambiwe na mtu, iliwahi kupunguzwa. Jifunze kumtofautisha na sauger: sauger ana madoa madoa kwenye pezi la mgongoni, walleye ana weupe kwenye ncha ya chini ya mkia. Ukitoka toa vizibo, mwaga maji yote ya boti, kuna kome wavamizi humu. Wajawazito na watoto wafuate mwongozo wa idara ya afya ya Minnesota kuhusu samaki wangapi kwa wiki au mwezi, kwa sababu ya zebaki na kemikali nyingine, uko wazi kabisa kwenye mtandao.

La mwisho ni kina. Mkiwapata kwenye shimo la futi 30 na kuendelea, yule unayemrudisha mara nyingi hatapona, kibofu chake cha hewa kimevimba na anaelea ubavu hata ukimshika kwa upole namna gani. Kwa hiyo huko usivue kwa kuchagua. Wakifika idadi yenu, au kama wanaopanda ni wadogo watupu, toka, sogea kwenye futi 15 au 18 upande wa juu wa shimo hilo hilo, walioko hapo wakirudishwa wanazama wenyewe wakiwa wazima.