Jibu: Kamshafti ya pikapu yenye kilomita 300,000
Habari mkuu, shida yako nimeielewa, pikapu imetembea kilomita 300,000, inachoka mlimani ikiwa na mzigo na sasa unataka kufunga kamshafti kubwa (ule mhimili unaofungua vali za injini). Kabla hujanunua chochote pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) silinda zote, ukikuta moja iko chini tia oili kidogo humo ndani upime tena, ikipanda ujue ringi za pistoni zimekwisha, isipopanda angalia vali au gasketi ya hedi, na hapo kamshafti haikusaidii kitu nakwambia ukweli, mimi nilifunga mpya kwenye injini iliyochoka ringi nikaishia kuifungua yote upya, iliniuma sana.

Kompresheni ikiwa sawa chukua ndogo tu, inayokaribiana na ile ya kiwandani. Kubwa inaacha vali wazi muda mrefu, nguvu inahamia mizunguko ya juu, halafu huku chini ambako ndo unabebea mzigo gari inakuwa nzito. Wewe unatafuta nguvu ya kuvuta kwenye mizunguko 1,500 mpaka 3,000 kwa dakika hivi.

Lifta (vile vipande vinavyosukumwa na kamshafti kufungua vali) za zamani usirudishe kabisa! Hasa zile bapa, zilishalika kufuata kamshafti yake, zitaila hiyo mpya. Springi za vali na cheni ya taimingi badilisha humohumo. Kama lifta ni zile bapa zisizo na rola, zipake grisi yake ya kufungia, na ukiwasha mara ya kwanza ishikilie kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika 20 hivi, usiiache ingurume polepole.