Maswali Yenu ya Gemu: Acheni Kuruka Maongezi

Maswali ya safari hii yanahusu aina moja: gemu za bunduki za mchezaji mmoja, zile unazoona kwa macho ya mhusika mwenyewe, zenye hadithi, tena hadithi ya vituko. Nimeyachagua makusudi. Mengi ya mliyoniandikia, kuanzia Nyegezi hadi Bukoba, yanatokana na kosa lile lile la kuruka maongezi, na nimechoka kuliona.

Nina laptopu ya mtumba, RAM GB 4, haina kadi ya grafiki. Kila gemu ya hadithi ninayoweka inakwama. Nicheze nini? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Achana na gemu za mwaka jana. Tafuta The Operative: No One Lives Forever. Ilitoka mwaka 2000, ikatengenezwa na Monolith Productions ya Marekani kwa kompyuta za enzi hizo, kwa hiyo GB 4 zako kwake ni utajiri.

Unakuwa Cate Archer, jasusi wa kike kutoka Uskoti, katika miaka ya 1960. Mabosi wake wawili hawaamini kama mwanamke anaiweza kazi hiyo, na mmoja wao hajisumbui hata kuficha. Cate anaingia kazini na lipstiki zinazolipuka, marashi ya kuwalaza walinzi, kibanio cha nywele cha kufungulia kufuli, na kimbwa cha bandia cha kuwapumbaza mbwa wa ulinzi. Maadui nao wamepata kemikali inayomgeuza mtu aliye hai kuwa bomu. Kuna mahali unaanguka kutoka kwenye ndege bila parachuti, na unapigana huko huko hewani.

Ukisimuliwa hivi unaweza kudhani ni mzaha mtupu. Sivyo. Cate akikosea, watu wanakufa na lawama zinamwangukia yeye, na gemu haimwonei huruma kwa hilo. Vituko vinanoga kwa sababu ndani yake kuna mtu anayehangaika kweli. Ya pili ilitoka mwaka 2002, nayo inakupeleka Ohio, ambako unapambana na maninja wa kike ndani ya nyumba iliyobebwa na kimbunga. Anza na ya kwanza. Windows za sasa huisumbua kidogo, lakini kuna mashabiki waliotengeneza marekebisho yanayoisaidia kukubali.

Naweza kucheza gemu ya hadithi na mwenzangu? (Kirumba)

Kila wiki swali hili. Gemu ya hadithi icheze peke yako, au mkae wawili mpokezane zamu, mmoja akishika kipanya mwingine anasikiliza kwa makini. No One Lives Forever ya pili ina sehemu ya kushirikiana, lakini anayeanzia huko hajaicheza gemu.

Nitumie linki. (Wengi mno)

Hapana. Na swali lisilo na kichwa wala miguu sitalijibu tena.

Uliwahi kuitaja No One Lives Forever. Nimeitafuta kwenye maduka ya mtandaoni ya Steam na GOG, sijaiona. Inauzwa wapi? (Musoma)

Hujaiona kwa sababu haipo. Gemu iliyosifiwa hivyo duniani hainunuliki kwa njia ya mtandao, na sababu yake inafaa muijue wote.

Iliuzwa na Fox Interactive. Kampuni hiyo ikanunuliwa na Vivendi mwaka 2003. Mwaka 2004 Monolith wenyewe wakanunuliwa na Warner Bros. Mwaka 2008 kitengo cha gemu cha Vivendi kikaungana na Activision. Katika kuhamahama huko, haki za jina, za programu na za hadithi zikatawanyika, na hakuna aliyekaa chini kuzikusanya. Mwaka 2014 Nightdive Studios, kampuni inayofufua gemu za zamani, ilijaribu kuwaleta wenye haki mezani ili iitoe upya. Ilishindwa. Kisha Februari 2025 Warner Bros. wakaifunga Monolith kabisa.

Mimi hili linaniuma. Watu waliandika maongezi, wakarekodi sauti, wakachora miji, na kazi yao imekwama kwenye makabati ya mikataba ambayo wenye nayo hawana haraka ya kuifungua. Hakuna anayefaidika, hata hao wenye haki. Mkiona kampuni inajisifu kwamba inajali historia ya gemu, iulizeni Cate Archer yuko wapi.

Kwa hiyo zimebaki diski za zamani, mtu kwa mtu. Ukiletewa kwenye flashi na rafiki, iskani kabla ya kufungua faili lolote. Hapa mtaani flashi moja inazunguka kompyuta za hosteli nzima, na ukishaona mafolda yako yamegeuka shotikati, kirusi kimeshaingia, na ripoti yako ya field imo hatarini. Kama una pesa ya gemu moja tu na unataka njia halali isiyo na usumbufu, nunua Half-Life ya mwaka 1998. Ni nyepesi, na haikumalizii bando.

Mimi huruka maongezi ili nifike kwenye mapigano. Sasa nimefika nusu ya Wolfenstein: The New Order na sielewi nani ni nani. Gemu mbovu? (Buzuruga)

Gemu haina ubovu. Umeruka maongezi, ndiyo shida yako, na ndiyo shida ya nusu ya walioniandikia.

Gemu hiyo ya mwaka 2014, kazi ya MachineGames ya Sweden, inakupa mapema kabisa uamuzi mzito: kati ya askari wenzako wawili, Fergus na Wyatt, uchague nani auawe. Uamuzi huo unabadilisha nani utaishi naye maficho ya Berlin hadi mwisho. Wewe ulibonyeza kitufe ukapita. Umemchagulia mtu kifo bila kumsikia akiongea, halafu unaniuliza kwa nini humjui anayekulilia baadaye!

Mtengenezaji wa gemu ya hadithi huweka nusu ya kazi yake kwenye midomo ya watu. Katika No One Lives Forever walinzi wanapiga soga wakiwa lindoni. Wanalalamikia kazi, wanabishana mambo ya maisha. Ukinyata na kusubiri, utasikia mazungumzo yenye mwanzo na mwisho. Ukiingia na risasi, umeiua gemu pamoja nao. Katika Wolfenstein ya pili, ya mwaka 2017, kuna Hitler mzee, mgonjwa, anasimamia usaili wa waigizaji wa filamu kwenye sayari ya Zuhura. Ni mahali pa ajabu kuliko pote nilipowahi kuona katika gemu za bunduki, na mapigano pale yanakuja baadaye. Anayeruka anaambulia korido na mizinga, vitu ambavyo angepata katika gemu yoyote.

Rudi mwanzo. Vaa hedifoni.

Kiingereza changu ni cha kuunga. Nikisikiliza nitaambulia nini? (Fundi simu, Geita)

Swali zuri. Washa maandishi ya chini kwenye mipangilio kabla ya kuanza. Gemu nyingi za kizamani hukuruhusu kusimamisha, basi simamisha, soma, endelea.

Kisha fanya tulichokwisha kukifanya kwenye muvi. Nchi hii imelea watafsiri wa muvi wanaozungumza juu ya picha kwa Kiswahili chenye ladha, na watu waliokuwa hawajui neno la Kichina wakazijua hadithi za Hong Kong kwa moyo. Mwite rafiki anayekimudu Kiingereza, akae pembeni awe anakusimulia mnavyosonga. Ningependa sana kuona kijana wa Mwanza akirekodi gemu nzima ya hadithi kwa mtindo huo. Mnarekodi mechi za mpira kila siku na kuzipandisha mtandaoni, na hakuna anayezirudia baada ya wiki.

Umeme ukikatika napoteza nilipofika. (Igoma)

Sevu kila unapopita mlango mpya, na nunua UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, kabla ya kununua gemu nyingine.

Nina banda la gemu, PS3 moja na PS4 mbili. Vijana wanataka mpira tu. Gemu za hadithi zinalipa? (Mabatini)

Kwa malipo ya mechi, hazitalipa kamwe. Mechi ina dakika zake, hadithi haina. Kijana anayelipia dakika kumi ataruka maongezi yote kwa sababu saa inamla, na lawama hapo ni ya banda.

Tenga mashine moja ya PS4. Itoze kwa saa, tena bei ya chini kidogo kwa anayelipia saa tatu mfululizo, asubuhi ya siku ya kazi, muda ambao viti vyako viko wazi. Kila mteja mfungulie akaunti yake kwenye mashine, ili sevu yake isifutwe na mwingine. Iweke kona ya mbali na wanaoshangilia magoli na umpe hedifoni. Mteja wa namna hii atarudi mpaka amalize hadithi, halafu atakuuliza ya pili ipo.

Onyo ambalo hukuliomba: gemu hizi nyingi ni za miaka 18 na kuendelea. Ukimwona mtoto wa sare ya shule kwenye kiti hicho, mtoe. Na kwenye viti vya mpira pia, kama ni saa za masomo.

Mwanangu ana miaka kumi na mmoja, anataka High on Life kwa sababu bunduki zake zinaongea. Nimnunulie? (Mama, Pasiansi)

Usimnunulie, mama. Ni kweli bunduki zinaongea, na zinatukana toka mwanzo hadi mwisho. Mpangilio wa kupunguza maneno yao upo, ila wa kuwafundisha adabu haupo.

Kwa nini Gordon Freeman wa Half-Life haongei, wakati Cate Archer anaongea muda wote? (Bukoba)

Valve, waliotengeneza Half-Life, walitaka wewe ndiwe uwe Gordon, kwa hiyo wakamnyima sauti, na hawakukuondoa machoni pake hata mara moja kukuonyesha kipande cha filamu. Watu wanazungumza mbele yako na wewe unaweza kutembea. Ni ufundi mkubwa. Lakini mimi namchagua Cate. Mwanamke anayedharauliwa na bosi wake lazima ajibu, na majibu yake ndiyo yaliyonifanya niimalize.

Nasoma programu chuoni. Naweza kutengeneza gemu ya namna hii inayotokea Mwanza? (Nyamagana)

Unaweza, na ninatamani uifanye. Godot ni injini, yaani programu ya kutengenezea gemu, ya bure kabisa na laptopu ya kawaida inaimudu. Usianze na bunduki. Usianze na mawe ya Bismarck pia. Kila mtu anaanza na mawe ya Bismarck. Anza na watu: mlinzi wa ghala la samaki pale Mwaloni saa nane usiku, na mwenzake aliyevuka kutoka Ukerewe na amekosa meli ya kurudi. Wanamlinda bosi wasiyemwamini. Mchezaji amejificha nyuma ya magunia ya dagaa na hawezi kupita mpaka wamalize kubishana. Wape Kiswahili cha huku, chenye Kisukuma na Kikerewe ndani yake, na usiwafanye wazungumze kama taarifa ya habari. Ukishaandika kurasa tatu za ubishi huo, nitumie. Hizo nitazisoma hata kama gemu yenyewe bado haijawaka.