Kinda la bajerigari lenye manyoya yasiyoacha kukua

Ndugu, kinda lako hilo la bajerigari (kasuku mdogo wa kufugwa) lenye manyoya marefu yaliyojikunja hadi kufunika macho, huku wenzake wa kiota kimoja wakiwa salama, linanifanya nishuku urithi kuliko ugonjwa. Kuna kasoro ya kijeni ambayo manyoya hukua bila kukoma. Ndege anafanana na ufagio wa vumbi, hawezi kuruka, na hata chakula hukiona kwa shida. Wazazi wote wawili huibeba jeni hiyo bila dalili yoyote, na kila yai lina nafasi 1 kati ya 4 ya kutoa kinda kama hilo. Sitakuficha, wengi hawafikishi mwaka. Msogezee chakula na maji karibu, na wazazi hao usiwaoanishe tena.

Ingekuwa manyoya ya mabawa na mkia yanapukutika kinda likikaribia kutoka kiotani, ningefikiria polioma au sirko, virusi vinavyoharibu manyoya ya ndege. Okota unyoya ulioanguka, utazame shina lake: likiwa na damu iliyokauka ndani, au limebanwa kama lililofungwa uzi, mtenge ndege huyo upesi na daktari wa mifugo apime damu na manyoya. Sirko husambaa kwa vumbi la manyoya na kinyesi. Vitamini? Kwa huyu wako, unapoteza pesa tu.