Barua kwa mwanangu: homa ya siku sita isiyojulikana chanzo

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Unasema leo ni siku ya sita mjukuu wangu, binti yako wa miaka miwili, ana homa, kipimo cha malaria kimetoka hasi, umeambiwa ni virusi na itaisha yenyewe. Dawa ukimpa joto linashuka kwa muda wa saa tatu, kisha linapanda tena. Unauliza uendelee kungoja au ufanyeje na homa isiyo na jina.

Kesho asubuhi mrudishe kwa daktari, hata kama usiku huu atalala vizuri. Homa ya kila siku ikishavuka siku tano haiachwi nyumbani ijimalize. Aliyekwambia ni virusi siku ya pili huenda alikuwa sahihi kwa siku ya pili. Siku ya sita ni swali jingine, na mtoto anatakiwa akaguliwe upya kuanzia utosini hadi nyayoni. Haya mengine nakuandikia ili usiku upite salama, na ili kesho uende na maelezo yanayomsaidia daktari kutafuta.

Kiganja kwenye paji la uso hakitoshi, kinachojua ni tofauti tu kati ya mkono wako na ngozi yake. Tumia kipimajoto cha dijitali. Mfute jasho kwapani, ncha iguse ngozi katikati ya kwapa na si fulana, ubane mkono wake ubavuni mpaka kilie. Kama ametoka kuoga au alikuwa amefunikwa blanketi, ngoja nusu saa. Kwapa husoma chini ya joto la ndani ya mwili, mara nyingi kwa karibu nusu nyuzi, kwa hiyo 37.8 ya kwapani usiipuuze. Homa tunaihesabu kuanzia 38. Joto la mwili hupanda lenyewe jioni na kushuka alfajiri, ndiyo maana kila asubuhi unadhani amepona. Usiseme homa imekatika mpaka zimepita saa 24 chini ya 38 bila dawa yoyote.

Sasa chukua daftari. Andika saa, joto, dawa na mililita ulizompa, amekunywa nini, amekojoa saa ngapi, na jambo lolote jipya. Pima kabla ya kumpa dawa. Ukipima saa moja baada ya dawa unaandika kazi ya dawa, homa yenyewe huioni. Daftari hili lina faida usiyoitarajia. Mtoto wa umri wake anaweza kupata mafua sita hadi nane kwa mwaka, na wengi wanaosemwa wana homa mwezi mzima, tarehe zikiandikwa inaonekana ni magonjwa mawili au matatu yaliyofuatana, na katikati kulikuwa na siku za nafuu kamili. Homa iliyokatika siku mbili ikarudi humfanya daktari afikirie maambukizi mapya, au sikio na kifua vilivyoharibika baada ya mafua. Homa isiyokatika hata siku moja hutafutiwa chanzo kimoja. Akitokwa na upele, upige picha kwa simu palepale, maana upele una tabia ya kutoweka ukifika mlangoni kwa daktari.

Kuhusu dawa, nenda kwa uzito, umri uache. Umeniambia ana kilo 12. Paracetamol ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa dozi moja, kwa hiyo kwake isizidi 180. Soma chupa: kama imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, dozi hiyo ni mililita 7.5. Kama ni 250 kwa mililita 5, ni mililita 3.6 tu. Matone ya miligramu 100 kwa mililita moja ni 1.8. Kosa linaloumiza watoto liko hapa hapa: chupa ya kwanza imeisha, inanunuliwa nyingine yenye nguvu mara mbili, kipimo kinabaki kilekile. Tumia bomba la kupimia dawa, kijiko cha chai weka kando kwa sababu vijiko havilingani. Kati ya dozi na dozi ziwe saa sita, zisipungue nne kamwe, na dozi zisizidi nne kwa saa 24. Angalia pia dawa ya mafua uliyonayo, nyingi zina paracetamol ndani yake, na ile ya kuweka njia ya haja kubwa ni paracetamol hiyohiyo. Ini halijui kwamba chupa zilikuwa mbili.

Ibuprofen usimpe sasa. Inafaa kwa watoto wengi, lakini si kwa aliyeishiwa maji, si kwa mwenye tetekuwanga, wala si pale homa ya dengi inapowezekana, na kwake hatujajua tunashughulika na nini. Aspirini haipewi mtoto kwa ajili ya homa, maana inahusishwa na ugonjwa wa Reye unaoharibu ini na ubongo. Daktari akiiandika kwa ugonjwa maalumu, hiyo ni habari nyingine.

Halafu usihuzunike dawa isiporudisha joto kuwa 37. Kwa kawaida inashusha nyuzi moja au moja na nusu, na ikiisha nguvu joto linarudi kwa sababu kilicholiwasha bado kipo. Homa kushuka kwa dawa haithibitishi kwamba ugonjwa ni mwepesi, na kugoma kushuka peke yake hakuthibitishi kwamba ni mzito. Unampa ili apate nafuu, anywe, alale. Akiwa amelala kwa raha na 38.7, muache alale. Na yale maji baridi ya kumkandia, acha. Ngozi ikipoa ghafla mishipa inajibana, mtoto anatetemeka, na kutetemeka kunazalisha joto zaidi. Spiriti ndiyo mbaya kabisa, inapenya ngozi na mvuke wake anauvuta. Nguo moja nyepesi na hewa vinatosha.

Maji mpe kidogo kidogo, mililita 5 kila dakika moja au mbili akikataa kikombe. Kama anatapika au anaharisha tumia ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, paketi ichanganywe kwa kiasi kamili cha maji kilichoandikwa juu yake. Akipitisha saa nane bila mkojo, analia bila machozi, macho yamezama au midomo imekauka, amepungukiwa maji na haingojwi asubuhi.

Nije kwenye swali lako hasa: homa inatoka wapi wakati hana kikohozi, haharishi, halalamiki popote?

Pa kwanza kutazama kwa mtoto wa kike wa miaka miwili ni mkojo. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa umri huu inaweza kuwa homa tupu. Hasemi inauma, huenda anakataa kula tu au anatapika. Kipimo hiki husahaulika kwa sababu kukinga mkojo wa mtoto ni kazi, na ukikingwa vibaya unadanganya. Msafishe kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma, mkaushe, mshike juu ya chombo kisafi cha maabara, uache mkojo wa mwanzo upite, ukinge wa katikati. Ule mfuko wa kubandika hushika vijidudu vya ngozi. Ukitoka safi unatuliza moyo, lakini ukitoka na vijidudu hauaminiki mpaka urudiwe kwa njia bora. Mkojo ufike maabara ndani ya saa moja, au ukae kwenye friji. Kabla ya antibiotiki yoyote, omba mkojo huo uoteshwe pia, yaani vijidudu vilivyomo vikuzwe maabara ili vitambulike, kuupima kwa kijiti hakutoshi. Ndiyo sababu sitaki umpe zile antibiotiki zilizobaki kwenye kabati. Dozi mbili tu zinaweza kuzuia vijidudu kuota maabara bila kuviua mwilini, na hapo tutakuwa tumejifungia mlango wenyewe.

Malaria: kipimo kimoja hasi hakifungi hesabu pale malaria ilipo. Homa ikiendelea kinarudiwa baada ya saa 12 hadi 24, na ni vizuri kupimwa pia kwa hadubini. Kipimo cha haraka nacho kina upande wake wa pili. Kama alitibiwa malaria wiki chache zilizopita, aina nyingi zinaweza kuendelea kuonyesha chanya wadudu wakiwa wameshakufa. Na ukiambiwa "ana taifodi" kwa kipimo kimoja cha Widal, uliza kuhusu kuotesha damu. Widal peke yake imewapa watu wengi ugonjwa wasiokuwa nao.

Masikio na koo yatazamwe kwa taa, si kwa kuuliza. Kifua kisikilizwe, na wewe nyumbani hesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa. Kwa umri wake, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi na zinaelekeza kwenye nimonia hata kikohozi kikiwa hafifu. Akikataa kukanyaga mguu mmoja au kutumia mkono mmoja, sema mapema, kwani mfupa au kiungo kinaweza kuwa na usaha. Meno usiyasingizie. Kuota meno kunaleta ute na ukali wa tabia, hakuleti 39.

Kuna ugonjwa mmoja unaonifanya nisisitize kesho na si wiki ijayo. Unaitwa Kawasaki, kwa jina la daktari Tomisaku Kawasaki wa Japani aliyeueleza mwaka 1967. Ni nadra, lakini huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano, na ukiachwa unaweza kutanua mishipa inayolisha moyo. Homa hudumu siku tano au zaidi, na pamoja nayo: macho mekundu yasiyo na usaha, midomo myekundu iliyopasuka na ulimi wenye vipele vyekundu, upele mwilini, viganja na nyayo kuvimba au kuwa vyekundu, tezi ya shingo kubwa upande mmoja. Dalili hizi haziji zote siku moja. Macho yanaweza kuwa mekundu Jumatatu yakapoa Alhamisi, upele ukaja kati, na kila anayemwona anaona kipande kimoja tu. Ziandike hata zilizokwisha. Matibabu yake, immunoglobulini (kingamwili) kwa mshipa, hulinda moyo vizuri zaidi yakitolewa ndani ya siku 10 za mwanzo wa homa, na wewe umeshatumia sita.

Ikivuka wiki moja, uchunguzi unapanuka: hesabu kamili ya chembe za damu, kipimo cha uvimbe kama CRP, kuotesha damu, picha ya kifua. Kifua kikuu kinafikiriwa, hasa kama yupo mtu mzima karibu naye anayekohoa zaidi ya wiki mbili, au uzito wake umesimama. Mtoto anayepauka, kupata michubuko bila kuanguka au kulia kwa maumivu ya mifupa usiku anahitaji damu yake itazamwe haraka. Homa inayorudi kila baada ya wiki tatu hadi sita kama iliyowekewa kalenda, na katikati mtoto mzima kabisa, ina orodha yake ya magonjwa. Nimeyataja usije ukashtuka ukiyasikia, si kwamba nayaona kwake. Homa nyingi za muda mrefu kwa watoto huishia kuwa ugonjwa wa kawaida uliojitokeza kwa sura isiyo ya kawaida, na baadhi huisha bila kupata jina.

Usiku huu, haya yakitokea usingoje kukuche: hawezi kunywa, au anatapika kila kitu, amelegea na haamki vizuri hata joto likiwa limeshuka, shingo imekakamaa, anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani, madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyakandamiza kwa glasi, joto la 40 au zaidi. Akishikwa na degedege, mlaze ubavu, sogeza vitu vigumu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na tazama saa. Ikipita dakika tano bila kukoma ni dharura. Ikikoma mapema, bado apelekwe akaonwe. Degedege ya homa inatisha kuitazama kuliko inavyodhuru, na paracetamol haiizuii, kwa hiyo usimzidishie dozi kwa kuiogopa.

Kesho nenda na daftari, chupa zote za dawa alizopewa, kadi ya chanjo, na matokeo ya vipimo vya mwanzo. Mwambie daktari hata ambayo hukuulizwa: safari za karibuni, mgonjwa aliyemkaribia, wanyama, maziwa yasiyochemshwa, chanjo ya mwezi huu. Usianze na "homa haishi." Anza na "ni siku ya saba, kila siku, ya juu kabisa ilikuwa kiasi fulani, haijawahi kukatika saa 24." Ukiambiwa tena ni virusi, usibishane. Uliza mambo matatu: mkojo umepimwa? Ni dalili gani zinazokufanya uondoe Kawasaki? Homa ikiendelea, arudi siku gani hasa na kwa nani?

Mumeo apokee zamu ya saa nane usiku. Mkiwa wawili macho dozi inaweza kutolewa mara mbili, kwa hiyo anayempa ndiye aandike, palepale, kabla ya kufunga chupa. Simu yangu itakuwa wazi. Ukitoka maabara nisomee matokeo ya mkojo kama yalivyoandikwa, neno kwa neno.

Mama yako