Nimeokoka, mbona kiu ya ulanzi inarudi?

Swali: Mchungaji, shikamoo. Niko Kilolo, Iringa. Niliacha pombe miaka miwili iliyopita, nilipookoka. Lakini mvua zikianza na ndugu zangu wakaingia kugema ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kwenye mianzi aliyotuachia baba, kiu inanirudia, hata usiku naota nakunywa. Mke wangu sijamwambia. Mtumishi mmoja aliyekuja kuhubiri kijijini anasema aliyeokoka hasikii tamaa hiyo; eti nina roho ya ulevi ya ukoo, nifunguliwe, na ninunue mafuta ya upako. Nimenunua chupa, kiu ipo pale pale. Je, wokovu wangu ni wa kweli?

Jibu: Marahaba mwanangu, kamwene. Swali lako limenikosesha usingizi, maana wewe ni wa tatu msimu huu kuniletea habari za chupa.

Kusikia kiu si dhambi. Yakobo anasema tamaa “ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi”. Kabla ya mimba pana nafasi, na wewe umesimama kwenye nafasi hiyo miaka miwili. Wapo wazee wa kanisa wasioweza wiki mbili.

Sasa huyo mtumishi. Kama aliyeokoka hajaribiwi, atueleze Waebrania 4:15, kwamba Bwana “alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi”. Baada ya siku 40 nyikani, Luka anaandika kwamba Ibilisi alimwacha “kwa muda”. Kwa muda! Ikiwa jaribu kurudi ni dalili ya pepo, tuseme nini juu ya Yesu? Hata kuliandika hilo naogopa.

Kuhusu ukoo, najua atakusomea Kutoka 20:5, kwamba Mungu huwapatiliza wana maovu ya baba zao. Mwambie aumalize mstari: “wanichukiao”. Wewe unamchukia Mungu? Halafu afungue Ezekieli 18:20: “Mwana hatauchukua uovu wa baba yake.” Sikatai kwamba kwenu kuna cha kurithi. Wengi wetu huku tulionjeshwa mtogwa, ulanzi mbichi usiochacha, na bibi tukiwa hatujaanza shule, na mwili haujasahau ile harufu. Mapepo nayo yapo, Injili inayataja. Ila huduma ya kuyatoa yenye bei Petro aliijibu zamani, kwa Simoni aliyetaka kununua karama ya Mungu kwa fedha: “Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe.”

Paulo anaahidi “mlango wa kutokea”, na mlango unataka miguu. Yusufu hakubaki nyumbani na mke wa Potifa akikemea. Aliacha vazi akakimbia. Wagemaji huenda kwenye mianzi asubuhi na jioni, saa unazijua na njia unaijua. Pita kwingine, hata kama ni mzunguko. Msibani mbeta, kile chombo cha ulanzi, ikianza kuzunguka, toa pole yako, aga mapema. Wala usijidanganye kwamba mtogwa ni mtamu tu, haujachacha: ulanzi wa asubuhi jioni ni mwingine kabisa.

Mianzi usiichome. Kaeni na ndugu zako mgawane, na fungu lako lisigemwe. Mwanzi unaogemwa hukatwa kichwa ungali mchanga, hauwi tena mti. Uache ukomae, wasukaji wa matenga ya nyanya watakutafuta wenyewe.

Ndoto usiitubie, hukuichagua. Kinachonitia hofu ni mkeo kutojua. Anakuona umenyamaza jioni nzima, anawaza mengine, pengine mabaya kuliko ulanzi. Mwambie leo, kabla hamjalala. Mpe ruhusa akuulize kila jioni umepita njia gani, na akikuuliza usikasirike. Hata ukianguka siku moja, rudi kwake na kwangu, usiende kwa muuza chupa.

Na hayo mafuta uliyokwisha kununua, yanuse. Kama ni ya kula, mpe mama watoto aungie mboga.