Babu alizaliwa njaa ya Mtunya, kadi inasema 1926. Nifuate kipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafuta historia ya babu mzaa baba, Mgogo wa Mvumi, marehemu sasa. Ukoo unasema alizaliwa njaa ya Mtunya, akaenda vita ya Bama (Burma) kwenye Vita Kuu ya Pili, akarudi akafanya kazi kwenye mradi wa karanga za Kongwa. Ila kadi yake imeandikwa 01/01/1926. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Kadi weka pembeni kwanza, tarehe 1 Januari kwa mzee wa rika hilo mara nyingi ni karani kakadiria ili fomu ijae. Tarehe yako ni Mtunya. Kwenye Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walishachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, Waingereza wakaingia Dodoma Julai 1916 nao wakachukua kilichobaki, halafu mvua ikagoma, watu wakafa njaa kuanzia kama 1917 hadi 1920. Kwa hiyo babu kaipita ile kadi kwa miaka sita hivi, hata zaidi. Waulize wazee: wakati wa Mtunya alikuwa bado tumboni, ananyonya, au anatembea? Na hakikisha wanasema ile njaa ya vita ya Mjerumani maana Ugogo njaa ni nyingi na watu huzichanganya.

Bama sasa. Pekua masanduku ya bibi utafute nyota ya shaba yenye ncha sita, katikati ina GRI VI (herufi za Mfalme George wa Sita), imezungukwa na maneno THE BURMA STAR. Ukiipata basi alifika kweli Bama au maeneo ya vita jirani nayo, maana wengine waliishia Ceylon (Sri Lanka) tu na nyumbani wakasema Bama. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana bonde la Kabaw huko Bama 1944, ikaingia mji wa Kalewa Desemba. Karatasi yoyote yenye namba ya batalioni ni dhahabu: za Tanganyika ziliishia na 6, na batalioni za 26 na 36 za KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza Afrika Mashariki) zilikuwa Kabaw. Vita peke yake haikanushi kadi lakini, mwaka 1944 kwa kadi angekuwa na miaka 18, inawezekana kabisa. Kinachoikanusha ni Mtunya.

Karanga za Kongwa zilianza 1947, mradi ukafa 1951, so hapo ana kama miaka 30. Shangazi mkubwa kazaliwa wapi? Kama ni Kongwa umepata mwaka mwingine wa kuaminika.

Ukichora chati ya miaka ya maisha yake, usiijaze na mambo ya Hitler, weka yale tu yaliyofika Mvumi au alikokuwa yeye. Na usimtafute kwenye orodha za makaburi ya vita za mtandaoni, pale wapo waliokufa vitani, yeye alirudi. Nenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar (piga simu kwanza uulize utaratibu), uombe kitabu cha wilaya ya Dodoma cha enzi za mkoloni. Jina lake usilitegemee, tafuta mtemi wake, kodi, na kilichoandikwa kuhusu njaa.